Antigone Si Mgeni Kawangware

Kikundi cha vijana Nairobi kikitangaza kwamba safari hii kitaigiza tanzia ya kale, iwe ya Sophocles au ya Shakespeare, majibu huwa tayari hata kabla tiketi hazijachapishwa. Wataambiwa hizo ni hadithi za Wazungu. Wataambiwa mwananchi anayetoka kazini amechoka anataka kucheka, na kwamba kijana wa mtaani anahitaji mchezo wenye ujumbe wa kumjenga, wala hahitaji maiti tatu kabla ya taa kuzimwa. Wanaosema hivi ni watu wenye heshima zao: walimu wa drama, wafadhili, waandishi wa safu za sanaa, hata waigizaji wakongwe. Yamerudiwa mara nyingi mpaka yanapokelewa kama busara. Mimi naona yanawanyima vijana wetu kitu ambacho ni chao.

Nitashika tamthilia moja tu, Antigone, ambayo Sophocles aliiandika huko Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Ndugu wawili wameuana wakigombea utawala wa mji wa Thebes. Mjomba wao Creon anashika madaraka na kutoa amri: mmoja azikwe kwa heshima zote, mwingine aachwe nje aliwe na ndege na mbwa, kwa sababu aliuletea mji wake jeshi la kigeni. Dada yao Antigone, msichana aliyechumbiwa na mwana wa Creon mwenyewe, anatoka kinyume cha amri na kumfunika kaka yake kwa vumbi. Anakamatwa. Hakatai alilolifanya. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kurudi nyuma bila kuvunja kitu kitakatifu.

Sasa niambieni ni wapi katika hadithi hiyo Mkenya anapotea njia.

Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na serikali ya kikoloni ikamfukia mahali ambapo jamaa zake hawakuonyeshwa. Uhuru ukaja, marais wakapokezana kiti, sanamu yake ya shaba ikasimamishwa mwaka 2007 katikati ya jiji, pale Mtaa wa Kimathi unapokutana na Mtaa wa Mama Ngina. Mwili haukupatikana. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliililia serikali moja baada ya nyingine apewe mifupa ya mumewe aizike, na akafariki Mei 2023 kabla hajaipata. Jukwaani, Creon anajuta kabla jua halijatua. Kwetu amri ya gavana Mwingereza imeishi kuliko ufalme wake. Na jambo hili halikuishia kwa Kimathi. Mwanzoni mwa 2022 miili ilikuwa ikiopolewa kutoka Mto Yala na kulazwa mochari bila jina. Baada ya maandamano ya Juni 2024 kuna wazazi waliozunguka vituo vya polisi na mochari za jiji hili wakiuliza habari za watoto wao. Kijana wa Nairobi anayepewa nafasi ya Antigone hahitaji kuelezwa na mtu yeyote kwa nini dada atahatarisha maisha yake kwa ajili ya konzi ya udongo.

Kuna kisa kingine kinachonishangaza zaidi, kwa sababu kilitokea hadharani na kila mtu mzima wa wakati ule anakikumbuka. Wakili Silvano Melea Otieno, aliyejulikana na wengi kwa herufi mbili tu, S.M., alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa na nyumba Lang'ata na shamba Upper Matasia, upande wa Ngong, na mkewe Wambui alisisitiza kwamba huko Matasia ndiko mumewe alikotaka kulala. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa zaidi ya miezi mitano huku mawakili wakibishana Mahakama Kuu, katikati ya jiji. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipanda kizimbani kueleza mila. Mchimba kaburi naye aliitwa kutoa ushahidi, jambo ambalo marehemu, mpenzi wa Shakespeare, angelitambua mara moja. Umati ulijaa nje ya mahakama. Magazeti yalichapisha maswali ya mawakili na majibu ya mashahidi karibu neno kwa neno, kurasa kwa kurasa. Jaji Bosire aliamua kwamba ukoo una haki, Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye, na tarehe 23 Mei 1987 S.M. akazikwa Nyalgunga. Wambui hakwenda.

Tuache kwanza nani alikuwa na haki, maana hata leo ukiuliza swali hilo kwenye meza ya chakula watu watagawanyika. Tuangalie mpangilio wake. Katika Thebes msichana anasimamia desturi ya wafu dhidi ya sheria ya serikali. Nairobi ya 1987 mwanamke alisimamia sheria na wosia wa mumewe, na dola ikasimama upande wa desturi. Nafasi zimegeuzwa lakini maumivu ni yale yale, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zinadai jambo ambalo mtu mwenye utu hawezi kulidharau. Mwelekezi kijana anayejua kisa cha S.M. ataielewa Antigone kwa namna ambayo mwenzake wa London hawezi, kwa sababu amelelewa kati ya watu ambao kwao swali la mahali pa kuzikwa bado lina moto.

Na wale wanaodai kwamba mtazamaji wa Nairobi anataka kichekesho tu, waeleze basi jiji zima lilikuwa likifanya nini miezi ile mitano. Watu walisimama juani kusikiliza hoja za kaburi. Hakuna aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba haikuchekesha. Siwachukii wanaoigiza vichekesho, maana wameweka taa za kumbi zikiwaka katika miaka ambayo wengine walifunga milango. Ninachokataa ni kugeuza mapato ya wikendi kuwa nadharia kuhusu roho ya Mkenya.

Hoja ya ukoloni nataka kuijibu kwa heshima, kwa kuwa ina mizizi ya kweli. Kenya National Theatre, pale Barabara ya Harry Thuku mkabala na hoteli ya Norfolk, ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa, na haikujengwa kwa ajili ya mama mboga wa Kangemi. Mwaka 1976, Kenya ikiwa huru kwa zaidi ya miaka kumi, waigizaji waliokuwa wakiandaa The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, kwa ajili ya tamasha la FESTAC huko Lagos, waligombania siku chache tu katika ukumbi wa taifa lao wenyewe huku maonyesho ya kigeni yakipewa kipaumbele. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa lugha yao, mchezo ukapigwa marufuku, na kufikia mwisho wa Desemba 1977 Ngũgĩ, mmoja wa waandishi wake, alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wao wa wazi ulibomolewa. Asiyejua haya asizungumze kuhusu jukwaa la Kenya.

Lakini watu wale walidai nini? Walidai ukumbi, lugha na hadhira. Walitaka Mkenya aamue mwenyewe kitakachoonyeshwa katika nyumba yake. Madai hayo hayasemi kwamba kijana wa Kiafrika akimgusa Sophocles atachafuka. Walioipigania Afrika kwa kalamu hawakuogopa. Ola Rotimi wa Nigeria alimchukua Oedipus akamfanya mfalme wa Kiyoruba katika The Gods Are Not to Blame, mwaka 1968. Wole Soyinka aliiandika upya The Bacchae ya Euripides mwaka 1973. Mwaka huo huo Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitoa The Island, ambamo wafungwa wawili wa kisiwani wanajitayarisha kuigiza Antigone mbele ya askari jela wao. Na sisi wa Kiswahili tulitangulia: Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa rais wa nchi, Samuel Mushi akafuata na Makbeth mwaka 1968, kisha Mfalme Edipode ya Sophocles mwaka 1971. Wanaume hawa hawakuwa wakitafuta kibali cha Mwingereza. Walikuwa wakichukua kilicho cha binadamu wote na kukiweka mezani kwetu, kwa lugha yetu. Isitoshe, Sophocles hakuwa Mwingereza. Mwingereza naye alimpata kwa kutafsiri.

Ngũgĩ mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Alliance, pale Kikuyu, kuanzia 1955 hadi 1958, shule iliyoigiza Shakespeare kila mwaka. Ina maana Kimathi alinyongwa huku wavulana wa Kikuyu wakikariri maneno ya wafalme wanaouawa na wafalme wanaoua. Najua wapinzani wangu wanaona hapo ushahidi wa upofu wa elimu ya kikoloni, na kuhusu walimu huenda ni kweli. Kuhusu wavulana sikubali. Mtoto ambaye kijiji chake kimehamishwa kwa nguvu na ndugu yake yuko msituni anajua vizuri kinachosemwa akisikia jukwaani kwamba mtawala anaogopa kivuli cha aliyemuua.

Kuna jambo jingine ambalo wenye hoja ya ukoloni hawalitaji. Katika shule za kimataifa za Karen na Lavington watoto wanamsoma Shakespeare kwa ajili ya mtihani, na wazazi hujaza kumbi kuwatazama wakimwigiza. Hakuna anayeandika barua kwa mhariri. Shule zetu za umma zilisoma The Caucasian Chalk Circle ya Brecht na A Doll's House ya Ibsen kama vitabu teule vya KCSE, Mjerumani na Mnorwe, na taifa halikutikisika. Mwaka 2012 waigizaji wa Kenya waliipeleka Wanawake wa Heri wa Winsa, Shakespeare kwa Kiswahili, katika ukumbi wa Globe jijini London, tukashangilia. Ilikuwa ramsa, kila mtu akacheka. Uchungu huanza pale kijana anayeshuka matatu ya 46 anaposema anataka tanzia. Barabara ya Gitanga inaunganisha Lavington na Kawangware, na ni mwendo wa miguu tu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mtoto wa huku akimwigiza Macbeth tunaita elimu. Wa kule akimwigiza tunasema amepotoshwa, apewe mchezo wa kunawa mikono. Huko ni kuwapangia maskini ukubwa wa mawazo wanayoruhusiwa kuwa nayo, na anayefanya hivyo kwa jina la Afrika anaikosea Afrika.

Wenzao wa Kibera walikwisha kujibu. Mwaka 2018 watoto na vijana wapatao 150 wa mtaa ule, wakiongozwa na Mwitaliano Marco Martinelli, waliigiza Komedia ya Dante, kazi ya miaka 700 iliyopita inayoanza na mtu aliyepotea msituni, na wakaiigiza katika njia na viwanja vya mtaa wao. Filamu yake ipo, inaitwa The Sky over Kibera. Ukiitazama hutaona watoto waliolemewa na Ulaya.

Sasa nifike kwenye hoja inayoniudhi zaidi, ile ya ujumbe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maigizo ya vijana mitaani imelipiwa na mashirika, na shirika huja na mada yake: Ukimwi, amani wakati wa uchaguzi, ukeketaji, dawa za kulevya. Hata tamasha la kitaifa la drama kwa shule hupima mchezo kwa mafunzo yake. Nimeona michezo mingi ya namna hii na naheshimu kazi iliyofanya. Kuna watu walioenda kupimwa kwa sababu ya mchezo uliochezwa sokoni. Lakini mpango wake unajulikana kabla hujakaa. Kuna kijana aliyepotoka, rafiki mwema, mzazi mkali, daktari au chifu mwenye majibu, kisha toba, kisha wimbo. Mtu anaweza kufika umri wa miaka 25 akiwa mwigizaji mzoefu na asiwe hata siku moja amesimama jukwaani kutetea kwa moyo wake wote jambo asilolikubali.

Tanzia humlazimisha kufanya hivyo. Nilikaa kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha mitaa ya magharibi, katika ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati, siku mvua ikinyesha hata mwelekezi alilazimika kupiga makofi ili asikike. Kijana aliyepewa Creon alikuwa akifoka. Aliingia na kifua mbele kama mbunge kwenye mkutano wa hadhara, na wenzake wakawa wanamzomea kwa furaha. Mwelekezi akamwambia aketi, asome hotuba ya kwanza kama mtu anayewapenda wanaomsikiliza. Akasoma. Creon anasema mji umetoka vitani, chombo kimeponea chupuchupu. Anasema kiongozi anayemweka jamaa yake mbele ya nchi hana thamani, na kwamba yeye hatampendelea hata mtoto wa dada yake. Ukumbi ulinyamaza. Msichana mmoja wa kwaya akasema kwa sauti kwamba huyu angempigia kura. Na kweli, ni Mkenya gani aliyechoshwa na siasa za ukoo na mjomba asiyetamani kusikia kiongozi akisema hivyo? Baada ya hapo hawakuweza tena kumzomea. Walikuwa na kazi ngumu zaidi: kutafuta ni saa ngapi, katika sentensi ipi, mtu mwenye nia njema aligeuka kuwa muuaji wa vijana.

Kazi hiyo ndiyo shule ya uraia ninayoijua mimi, na haiwezi kufupishwa kwenye fulana ya mfadhili. Nelson Mandela aliifanya akiwa Robben Island, wafungwa walipoigiza Antigone naye akachukua nafasi ya Creon. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba Creon anaanza akiwa mwenye nia safi na mzalendo, lakini mtawala anahitaji pia huruma. Mfungwa alijizoesha kukaa ndani ya ngozi ya mtawala miaka mingi kabla ya kuwa rais. Vijana wa Juni 2024 wanaosema siku moja watashika nchi hii wanahitaji zoezi kama hilo kuliko mchezo wowote utakaowasifu.

Au mtazame yule mlinzi. Creon ameweka askari waichunge maiti, imefunikwa usiku, na sasa mmoja lazima aende kumwambia bosi. Wamepiga kura, kura ikamwangukia yeye. Anafika akijikokota, anasimama, anataka kurudi, anajitetea kabla hajaulizwa. Anayemwigiza hapa mjini hahitaji kitabu cha maelezo. Amemwona mtu huyo kwenye lango la jengo, akiwa na redio ya mkononi na hofu ya kufutwa kazi. Ukumbi utacheka, tena sana. Kisha mtu huyo huyo atamleta Antigone akiwa mfungwa, akikiri kwamba anamhurumia lakini ngozi yake ni ya kwanza. Kicheko kitakwama kooni, na kila aliye pale atajiuliza yeye angefanya nini.

Wapo wanaoniambia kwamba kukimbilia Thebes ni kukwepa Nairobi. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru, kwenye tamasha la drama la shule, na mchezo wao Echoes of War baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe kuigiza. Wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani, na polisi wakarusha vitoa machozi. Shule hiyo hiyo ilikuwa imezuiwa kuigiza Shackles of Doom mwaka 2013. Sitaki Antigone ichukue nafasi ya michezo hiyo. Serikali inayotuma polisi kwenye tamasha la wanafunzi inastahili kuambiwa moja kwa moja, kwa majina ya leo. Nasema tu kwamba mchezo wa leo unatuonyesha aliyekosea, na tanzia ya kale inatuuliza jinsi alivyofika huko na kama sisi tungefika. Kijana anayezuiwa kuuliza swali la pili amezuiwa pia, hata kama aliyemzuia ni mwalimu mwenye nia njema.

Na kuhusu matumaini: eti tanzia itawavunja moyo. Vijana hawa wameshika madaftari ya michango kwenye kamati za mazishi tangu wakiwa shule ya upili. Wamesafiri usiku kucha na basi nyuma ya jeneza la rafiki. Kifo wanakijua. Wasichopewa ni mahali pa kukitazama hadharani, kwa utulivu, bila mtu kuwahimiza wafarijike upesi ili programu iendelee.

Lawama moja naikubali yote. Kikundi kinachoigiza Antigone kwa Kiingereza cha puani, mikono ikipepea kama filamu ya zamani, kimestahili kuzomewa. Ngũgĩ alikuwa sahihi kuhusu lugha. Mfalme Edipode ya Mushi ichapishwe tena na kuwekwa madukani. Antigone nayo itafutiwe mtafsiri atakayesikia Kiswahili cha Kawangware na Kiswahili cha Lamu kwa sikio moja, kwaya iimbe kwa nyimbo ambazo bibi zetu walizijua msibani, na mlinzi azungumze kama mlinzi.

Gharama si kisingizio. Sophocles hakuhitaji zaidi ya waigizaji watatu wenye kusema, wakibadilishana vinyago, kwaya ya watu 15, na mlango mmoja. Vijana wapo, na mlango tutauchonga. Anayeshika ufunguo wa ukumbi Kangemi, Dagoretti au Kawangware awape jioni mbili kwa wiki bila kuwauliza mada ya mfadhili. Wanaoamini kwamba mchezo huu hautuhusu nawaalika usiku wa kwanza, wakae mstari wa mbele, na baada ya kwaya kutoka tubaki pale pale ukumbini tubishane kuhusu Creon.